Folda ya Kuanzia

Saa kumi na mbili na nusu, Buguruni Malapa,
nawasha swichi ya ukutani
na mashine inakohoa.
Ni ya mtumba, niliitoa Mtaa wa Aggrey
mwaka Tunu alipoanza chekechea.
Sasa Tunu ana deni la chuo
na mashine bado inakohoa.

Zamani nilifungua kila kitu kwa mkono:
kwanza pa kuandikia, halafu skana,
halafu jedwali la wanaodaiwa,
na mteja kasimama na cheti cha kuzaliwa
ananipumulia juu ya kaunta,
"Mama, wakili anafunga."
Umeme ukikatika mara tatu, nafungua mara tatu,
kama anayemvalisha viatu mtoto
anayevivua kila akifika mlangoni.

Ndipo Shadhili, fundi simu wa ng'ambo ya barabara,
akavuta kigoda. Hela hakutaka,
alitaka nimchapie wasifu wake bure.
"Mama Tunu, iko folda moja.
Ukitia kitu humo, ikiamka tu inakifungua yenyewe.
Hutii programu nzima, unatia njia yake ya mkato.
Mgeni humbebi mgongoni, unamwonyesha kona."
Akaiwekea na hili: umeme ukirudi, iamke bila kuguswa.
Nikaburuta kwa kipanya, ulimi nje
kama mtoto wa darasa la kwanza anayeumba herufi.
Moja. Mbili. Tatu.
Nikanogewa.
Nikatia kikokotoo, kalenda, redio,
picha za harusi ya mdogo wangu,
hata ule mchezo wa karata.

Kesho yake iliamka ikakwama katikati ya kuamka.
Kiduara kinazunguka.
Nimefagia duka, nimefagia barazani,
nimefagia hadi kwa jirani muuza mkaa,
kinazunguka.
Shadhili akacheka mpaka akashika ukuta:
"Kizee hakitwishwi hivyo, mama. Chagua."

Chagua.
Nililala na neno hilo ubavuni.
Maana na mimi ninapoamka,
kabla sijafumbua jicho la pili,
vinajifungua vyenyewe:
kodi ya fremu, miezi sita mbele;
goti la kushoto;
maji yametoka, hayajatoka;
elfu sabini za Mama Kuruthumu;
na sauti ya shangazi Mwanahawa, Mungu amrehemu,
ikiuliza ni nani atamuoa
mwanamke mwenye mdomo kama huu.
Nani aliyaburuta humo?
Sikumbuki kubonyeza.

Asubuhi nikafuta. Kalenda, nenda.
Karata, nenda. Harusi, nisamehe,
nitakufungua mwenyewe nikikukumbuka.
Nikabakiza pa kuandikia, skana, madeni.
Na redio. Najua inachelewesha. Niliiacha.
Ya shangazi bado sijajua inafutiwa wapi.

Ijumaa umeme ulikatika saa nne usiku,
ukarudi saa nane.
Swichi ya ukutani nilikuwa nimeisahau.
Mlinzi Mbwilo akanipigia, ananong'ona:
"Mama, kuna mtu dukani.
Mwanga wa buluu unatoka chini ya mlango.
Anasikiliza taarifa ya habari."
Nikamwambia hamna mtu, ni kompyuta imeamka.
"Yenyewe?"
"Yenyewe."
"Inafanya nini saa hizi?"

Nikakaa kitandani gizani, nikaiona:
ukurasa mweupe umejitandaza,
skana imeshanguruma ikatulia,
majina ya wanaodaiwa yote wazi,
na kiti changu kimegeuzwa juu ya meza
kama nilivyokiacha.
"Inasubiri mteja," nikasema.

Mbwilo alinyamaza. Nilisikia mbwa wa mbali,
na ndani ya simu, kwa mbali zaidi, redio yangu.
"Basi nitakaa hapa mlangoni," akasema, "mpaka ilale."

Hilo la kulala yenyewe
Shadhili hakunifundisha.